Jumba Lililojitenga na Wanaolijua: Mahali, Siri na Mzimu katika Riwaya ya Taharuki, kutoka Unguja hadi Serengeti

Ikisiri

Riwaya ya taharuki inayotendeka katika jumba la kifahari lililojitenga imezoeleka kuhusishwa na fasihi ya Kiingereza. Makala haya yanazilinganisha riwaya za M. M. Kaye zinazotendeka Kenya (1958) na Unguja (1959) na riwaya tatu za Kiswahili: Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Babu Alipofufuka (2001). Hoja kuu ni kwamba upweke wa jumba hautokani na mahali lilipojengwa. Unatokana na usimulizi, ambao huamua nani ahesabiwe kuwa mtu aliyepo. Hoja hiyo inapimwa kwa mandhari ya wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara. Makala yanahitimisha kwamba kanuni ya Muhammed Said Abdulla ya kuuondoa mzimu ili apatikane muuaji, iliyokuwa na manufaa makubwa katika mazingira yake, haiwezi kuhamishiwa Serengeti bila kuifuta kumbukumbu ya watu waliowahi kuishi huko.

1.0 Utangulizi

Katika eneo la Grumeti, magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, juu ya kilima cha Sasakwa, ipo hoteli ya kitalii iliyojengwa kwa mtindo wa majumba ya mashambani ya matajiri wa Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20. Mgeni hufika kwa ndege ndogo. Akiketi barazani huona mbuga iliyotandawaa hadi upeo wa macho, pasipo paa wala moshi wa jiko la mtu. Kwa msomaji wa riwaya za taharuki, mandhari hayo si mageni. Jumba kubwa, wageni wachache, umbali na kimya ndivyo vilivyoijenga The Hound of the Baskervilles ya Arthur Conan Doyle (1902) na Rebecca ya Daphne du Maurier (1938). Kinachokosekana Sasakwa ni maiti na mpelelezi tu.

Uhakiki wa riwaya pendwa ya Kiswahili umeshughulika zaidi na jiji. Jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni watu wa hoteli, viwanja vya ndege na barabara za lami. Hata hivyo, mkazo huo umeliacha kando swali la jumba la shamba. Je, riwaya ya Kiswahili imelichukuliaje jumba la kifahari lililo mbali na watu? Na je, mwandishi atakayeiweka riwaya ya taharuki katika jumba kama la Sasakwa atarithi nini kutoka kwa waliomtangulia? Makala haya yanajibu swali la kwanza kwa kusoma matini, na la pili kwa kuonesha hatari iliyomo katika urithi huo.

2.0 Kanuni ya Mahali Palipofungwa

W. H. Auden, katika insha yake ya mwaka 1948 kuhusu hadithi za upelelezi, alisisitiza kwamba hadithi ya aina hiyo huhitaji jamii iliyofungwa, ili muuaji asiweze kuwa mtu wa nje na kila aliyemo ashukiwe. Tzvetan Todorov (1966) aliongeza kwamba riwaya ya upelelezi hubeba hadithi mbili: hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha kutendeka na haionekani, na hadithi ya uchunguzi, ambayo msomaji anaifuata. Tukiyaunganisha mawazo haya mawili, dhima ya jumba lililojitenga inabainika. Jumba huifungia hadithi ya kwanza ndani ya kuta, na hupunguza idadi ya watu wanaoweza kuwa wanaijua.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1939 kuhusu watu kumi waliokusanywa katika jumba kisiwani. Mume na mke wanaotumikia jumba hilo wamo katika hesabu ya kumi. Lakini mwenye mashua aliyewavusha wageni anarudi bara, na hesabu inaanza baada ya yeye kuondoka. Kisiwa kinakuwa cha upweke kwa sababu aliyekifanya kifikike ameondolewa katika masimulizi.

Raymond Williams, katika The Country and the City (1973), alionesha kwamba fasihi ya Kiingereza iliyasifu majumba ya mashambani kwa karne nyingi huku ikiificha kazi ya waliolima, waliojenga na waliopika. Hoja yake ilihusu ushairi na riwaya kwa jumla. Kwa riwaya ya taharuki inafaa isogezwe hatua moja mbele. Katika utanzu huu, kuifuta kazi ya watumishi ni sharti la kiufundi pia. Ikiwa kila anayeteka maji, anayefua mashuka na anayechunga lango atahesabiwa kuwa shahidi, mduara wa Auden unavunjika, na pamoja nao taharuki ya aina hiyo.

3.0 Flamingo na Kivulimi

Kanuni hii ilifika Afrika Mashariki mapema. Mwaka 1958 mwandishi Mwingereza M. M. Kaye alichapisha riwaya ambayo sasa inajulikana kama Death in Kenya. Mwaka 1959 ikafuata The House of Shade, iliyotolewa upya baadaye kwa jina la Death in Zanzibar. Ya kwanza inatendeka Flamingo, shamba kubwa la walowezi karibu na Ziwa Naivasha, baada ya makali ya vita vya Mau Mau. Ya pili inatendeka Kivulimi, jumba la kale la Unguja lenye bustani, ambalo jina lake limejengwa juu ya neno kivuli.

Muundo wa riwaya hizi mbili ni mmoja. Msichana wa Kiingereza anawasili kutoka mbali: Victoria anafika Flamingo, na Dany anafika Kivulimi. Msomaji anaingia jumbani kwa macho yake. Vifo vinatokea, na shaka inawazunguka jamaa, majirani na wageni. Flamingo vitu vinavunjika kwa nguvu isiyoonekana, na hofu ya msituni inatumika kama pazia. Kivulimi kuna fununu ya dhahabu ya kale.

Kaye alikuwa fundi wa taharuki, na hakuna haja ya kumnyima sifa hiyo. Tatizo liko katika namna upweke unavyotengenezwa. Flamingo ni nyumba yenye watumishi wengi, katika nchi iliyojaa watu, tena katika kipindi ambacho swali la nani mwenye ardhi ya Bonde la Ufa lilikuwa limekwisha kumwaga damu. Hata hivyo, msomaji anaaminishwa kwamba wahusika wako peke yao. Mwafrika anaonekana kama tishio kutoka gizani au kama mkono unaoleta chai. Ni nadra kuonekana kama akili inayojua jambo ambalo wenye nyumba hawalijui. Kwa hiyo siri ya Flamingo inaweza kufumbuliwa bila swali la ardhi kuguswa, na msomaji akafunga kitabu akiamini kwamba haki imetendeka.

4.0 Mzimu wa Watu wa Kale: Jumba Lisilo na Ukuta

Mwaka mmoja baada ya The House of Shade, kisiwa hichohicho kilitoa riwaya nyingine ya mauaji. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, mwandishi aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Wahakiki wengi wamekwisha kueleza kwamba Bwana Msa, na kiko chake, ana unasaba na Sherlock Holmes. Lisilotiliwa mkazo wa kutosha ni kile ambacho Abdulla hakukiazima.

Anayeuawa katika riwaya hii ni tajiri mwenye ardhi, na maiti inaonekana mahali pa mzimu panapoogopwa na watu. Vifaa vyote vya riwaya ya jumba vimo: mali, urithi, mahali pa kutisha. Lakini hakuna mduara uliofungwa. Msa, Najum na Inspekta Seif wanaendesha uchunguzi kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo yanawapeleka kwa watu wa kila namna. Habari za nyumba ya tajiri zinajulikana nje ya nyumba ya tajiri. Katika jamii ya Unguja inayosawiriwa na Abdulla, siri hufichwa kwa adabu, kwa hofu na kwa mafumbo ya lugha. Umbali hauwezi kuificha, kwa sababu hakuna aliye mbali. Kazi ya mpelelezi ni kuwafanya wanaojua waseme. Hapo Abdulla ameugeuza utanzu: swali la nani kati ya hawa wachache limekuwa swali la nani kati ya wengi ananyamaza, na kwa nini.

Mafanikio hayo yana gharama yake. Neno mzimu katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaribiana: mahali pa kutambikia na roho ya aliyekufa. Riwaya inaiondoa maana ya pili ili kesi iende mbele. Msa hakubali kwamba mzimu unaua, anamtafuta mtu. Kwa Abdulla, mtumishi wa zamani wa idara ya afya na mhariri wa magazeti, msimamo huo ulikuwa sehemu ya kazi ya kuelimisha, nao unajitokeza tena katika Kisima cha Giningi (1968), ambayo jina lake linarejelea mahali panapohusishwa na wachawi katika imani za Unguja. Lakini maana ya pili inapoondoka, ya kwanza nayo inadhoofika. Mahali pa mzimu panabaki kuwa jukwaa la uhalifu. Watu wa kale waliotajwa katika jina la kitabu hawaulizwi walikuwa akina nani, wala kwa nini pao pamekuwa pembezoni mwa ardhi ya mtu mwingine. Msa anamwokoa mwanakijiji na hofu, lakini palepale anamnyima shahidi mmoja.

5.0 Kijakazi na Babu: Mashahidi Wawili Wanaorudi

Riwaya mbili za baadaye zinaweza kusomwa kama majibu kwa upungufu huo, ingawa hakuna kati yake iliyo riwaya ya upelelezi.

Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978) inampa nafasi ya katikati yule ambaye kanuni ya jumba humfuta. Kijakazi amemtumikia Fuad tangu kuzaliwa kwake, anaijua kasri kuliko mwenyewe, na anabaki naye hata baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Taharuki ya riwaya hii haihusu jambo lililofichwa. Msomaji anajua tangu mwanzo ukatili unatoka wapi. Anachosubiri ni lini Kijakazi mwenyewe atauona na kuuita kwa jina lake. Shahidi yupo, amesimama mlangoni na maji mkononi, lakini utii umemziba kinywa. Wahakiki walioilaumu tabia ya Kijakazi kuwa imetiwa chumvi hawakuona, pengine, kwamba Shafi anajibu swali la Abdulla: anayejua hunyamaza kwa sababu mpangilio wa nyumba umemfundisha kutojihesabu kuwa anajua.

Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) inamrudisha shahidi wa pili. K, kigogo anayeishi katika anasa, anajiwa na babu yake aliyekufa. Mzimu ambao Msa aliufukuza unaingia ndani ya nyumba ya mkubwa, na safari hii haufukuziki kwa mantiki ya mpelelezi, kwa kuwa umekuja na mashtaka. Hofu iliyokuwa ya wanakijiji imehamia kwa mwenye jumba. Mohamed hamtaki msomaji aamini au asiamini mizimu. Anamtaka akubali kwamba waliokufa wana madai, na kwamba anasa ya K haiwezi kuelezeka bila wao.

Tukizipanga riwaya hizi kwa mfululizo, njia yake inaonekana: mwaka 1960 mzimu unaondolewa, mwaka 1978 mtumishi anawekwa mbele, mwaka 2001 mzimu unarudi kama mlalamikaji. Katika hatua zote tatu jumba la kifahari halina upweke. Upweke ni dai la mwenye jumba, na riwaya ya Kiswahili, kwa njia tofauti, imekuwa ikilipinga dai hilo.

6.0 Serengeti na Tarime: Mandhari Yaliyosimuliwa kuwa Tupu

Kupingwa huko kunapata uzito mpya tunapoyarudia mandhari ya Mara. Mwaka 1959, mwaka wa The House of Shade, matukio mawili yaliiweka Serengeti katika fikra za ulimwengu. Mipaka ya hifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1951, ilipangwa upya, na Wamaasai waliokuwa wakiishi humo wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek alitoa kitabu na filamu kuhusu Serengeti, akitetea hifadhi isiyokaliwa na watu. Kazi yake ilichangia sana kuokoa wanyama, na pia ilisambaza taswira ya ardhi ambayo tangu asili haikuwa na mwenyewe. Kwa lugha ya uhakiki, ni mbinu ileile ya Flamingo: mahali panafanywa pa upweke kwa kuamua nani asihesabiwe.

Jan Bender Shetler, katika Imagining Serengeti (2007), ameonesha kwamba Waikoma, Wanata, Waisenye, Waikizu na Wangoreme wanayasoma mandhari hayohayo kwa namna nyingine. Mgeni anapoona pori, wao wanataja mahame, njia za mawindo na mahali pa emisambwa, yaani pa mizimu ya wahenga wanaoilinda ardhi. Majina ya mahali ni kumbukumbu ya nani aliishi wapi, na ni hoja kuhusu haki ya kuishi. Mwaka 1994 Ikorongo na Grumeti yalitangazwa kuwa mapori ya akiba, na sehemu nyingine ya mandhari hayo ikapata mpaka wa kisheria. Jumba la Sasakwa linatazama nchi iliyokwisha kusimuliwa mara mbili.

Hapa ndipo urithi wa Abdulla unapohitaji kupimwa upya. Tuchukulie kwamba mwandishi anaiandika riwaya ya mauaji katika jumba la aina hiyo, na maiti inaonekana mahali pa emisambwa palipobaki ndani ya uzio. Akiifuata kanuni ya Bwana Msa, mpelelezi wake ataonesha kwamba mzimu ni kisingizio cha mhalifu. Kesi itafumbuliwa. Lakini katika mandhari haya mzimu ni kumbukumbu ya umiliki, na kuufukuza ni kumaliza kazi ambayo uzio uliianza. Kilichokuwa ukombozi wa akili Unguja kitakuwa uhamisho wa pili Serengeti. Kosa halitakuwa la Abdulla, aliyeandika kwa ajili ya wasomaji wake na wakati wake. Litakuwa la mwandishi aliyeazima jibu bila kuliangalia swali.

Wilaya jirani ya Tarime inatoa uwezekano mwingine wa kimuundo. Kwa Wakurya, ritongo ni mkutano wa jamii ambamo mashauri, hasa ya wizi wa mifugo, husikilizwa hadharani. Katika riwaya ya jumba, mpelelezi huwakusanya washukiwa sebuleni na kuwafunulia ukweli alioupata peke yake. Katika ritongo, ukweli unadaiwa mbele ya wote, na inachukuliwa kwamba wapo wanaoujua. Mikusanyiko hii miwili ina lengo moja la kumtaja mkosaji, lakini inatofautiana kuhusu ujuzi unakaa wapi. Riwaya ambayo kilele chake ni ritongo ingeukamilisha mgeuzo ulioanzishwa na Mzimu wa Watu wa Kale: wengi wanaojua wangesema wenyewe, bila kusubiri Msa awafumbue.

Inafaa kujihadhari na kulipamba jambo hili. Ritongo nayo ina mamlaka yake ya ndani, na katika mkusanyiko wa aina yoyote si kila anayejua hupewa nafasi sawa ya kusema. Tarime ya leo, yenye mgodi wa dhahabu wa North Mara huko Nyamongo ulioanza uzalishaji mwaka 2002, ni mahali ambapo mali iliyo ndani ya uzio na maisha yaliyo nje yake vinaishi ubavu kwa ubavu. Mwandishi atakayeiingiza ritongo katika riwaya kama pambo la utamaduni atakuwa amerudia kosa la Kaye kwa nia njema. Atakayeitumia kuuliza nani anaruhusiwa kusema atakuwa ameipa taharuki chanzo kipya: kimya cha mtu aliyesimama nyuma ya mkutano, ambaye kila mmoja anajua kwamba anajua.

7.0 Hitimisho

Usomaji huu umeonesha kwamba jumba la kifahari lililojitenga ni zao la usimulizi kabla halijawa zao la usanifu. Riwaya za Kaye zinalijenga kwa kuwaondoa katika hesabu walio wengi. Riwaya za Kiswahili zilizojadiliwa zinawarudisha hatua kwa hatua: wanakijiji kwa Abdulla, mtumishi kwa Shafi, na waliokufa kwa Mohamed. Kwa wahakiki, jambo hili linataka riwaya ya Abdulla isomwe upya, na mzimu wa jina la kitabu uulizwe swali ambalo Bwana Msa hakuwa na sababu ya kuliuliza.

Kwa watafiti wa fasihi walioko Mara, kazi iliyo karibu ni ya kukusanya. Masimulizi ya mahame ya Ikoma, Nata na Ngoreme, na hotuba za ritongo za Tarime, yana ufundi wake wa kuchelewesha taarifa na wa kumsubirisha msikilizaji. Ufundi huo ukiorodheshwa na kuchambuliwa kama fasihi, mwandishi wa riwaya ya taharuki ya Serengeti atakuwa na pa kuanzia pengine kuliko Baskerville. Bila hivyo, riwaya itakayokuja itapanda kilima cha Sasakwa kwa ndege ndogo, itaketi barazani, na itaandika kwamba chini hapakuwa na mtu.